Karafuu za Pemba, Jina la Zanzibar: Kisiwa Hupataje Sifa Yake?

Itazame vizuri Nembo ya Taifa ya Tanzania. Bwana na bibi wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, wameshika pembe za ndovu. Miguuni pa bibi pamechorwa mpamba, na miguuni pa bwana mkarafuu. Visiwani kuna minazi, migomba, mihogo na mpunga, lakini uliochaguliwa kuiwakilisha Zanzibar ni mkarafuu. Hata kabla ya Muungano, bendera ya Zanzibar iliyopandishwa siku ya uhuru, Desemba 10, 1963, ilikuwa nyekundu yenye duara la kijani katikati, na ndani ya duara karafuu mbili za rangi ya dhahabu. Bendera hiyo haikudumu. Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yaliiteremsha, ila karafuu yenyewe ikabaki palepale, kwenye nembo, kwenye nyimbo na kwenye vinywa vya watu.

Ndiyo maana mtu akiulizwa Zanzibar inasifika kwa nini, hajisumbui kufikiri: karafuu. Jibu si la uongo, ila limefungwa mafundo kadhaa, na ukianza kuyafungua unakutana na mambo ambayo hata sisi tuliozaliwa visiwani hatuyazungumzi sana. Mkarafuu si mti wa asili ya Zanzibar. Sehemu kubwa kabisa ya karafuu za Zanzibar haitoki kwenye kisiwa ambacho mgeni anakifikiria anaposikia jina hilo. Na kwa wingi wa mavuno, Zanzibar siku hizi haimkaribii anayeongoza duniani. Sifa, hata hivyo, haijahama.

Kwanza tuwekane sawa kwenye majina. Zanzibar ni Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka, kama Tumbatu, Uzi na Kojani. Lakini mgeni anayesema anakwenda Zanzibar, kwa kawaida anakwenda Unguja: Mji Mkongwe, Nungwi, Paje. Pemba iko kaskazini, kama kilomita 50 za bahari kutoka Unguja, na wengi wa wageni hao huondoka bila kuiona. Makala haya yanahusu pengo hilo, baina ya kisiwa chenye jina na kisiwa chenye mikarafuu.

Mti uliotoka mbali

Kwa karne nyingi karafuu zote duniani zilitoka mahali padogo mno: visiwa vichache vya volkano katika Maluku, mashariki ya Indonesia ya leo. Ternate, Tidore, Moti, Makian na Bacan. Wachina walizijua, Waarabu na Wahindi walizijua, na zilifika Ulaya zikiwa zimepita mikono mingi, kila mkono ukiongeza bei yake. Wareno walifika huko mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya viungo. Waholanzi waliowafuata walikuwa wakali zaidi. Kampuni yao ya biashara ya mashariki, VOC, iliamua kwamba karafuu zilimwe Ambon na visiwa vya jirani yake tu, ambako ingeweza kuzilinda. Kwengineko, kuanzia katikati ya karne ya 17, ilituma misafara ya mashua kukata mikarafuu na kuing'oa. Wenyeji wa Ternate na Tidore, watu ambao mti huo ulikuwa wao, walikatazwa kuupanda.

Jambo hili lina uzito katika habari yetu. Karafuu ilipata thamani kwa sababu ya uchache, na uchache huo ulitengenezwa na binadamu wenye shoka na bunduki.

Aliyeuvunja ukiritimba huo ni Mfaransa, Pierre Poivre, aliyekuwa mtawala wa shughuli za serikali katika kisiwa cha Mauritius, wakati huo kikiitwa Isle de France. Mwaka 1770 watu aliowatuma Maluku walirudi na miche ya mikarafuu na mikungumanga iliyotolewa kwa siri. Mikarafuu ikashika Mauritius, ikavuka kwenda Réunion, na kutoka huko ikasambaa kwenye visiwa vya upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Unguja iliipata mwanzoni mwa karne ya 19. Anayetajwa kuileta ni mfanyabiashara wa Kiomani, Saleh bin Haramil, aliyekuwa na mafungamano ya biashara na Wafaransa, na mashamba ya mwanzo yalikuwa Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Oman na Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1856, aliuona utajiri uliokuwa ndani ya mti huo. Inasimuliwa kwamba aliwaamuru wenye ardhi wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyefanya hivyo anyang'anywe shamba. Ama ilikuwa amri ya namna hiyo hasa, ama ni hadithi iliyonenepa njiani, matokeo yake yaliyoonekana kwa macho hayana shaka: katika miaka ya 1830 na 1840 misitu ya magharibi ya Unguja ilifyekwa, na kila mwenye uwezo akapanda karafuu. Pemba nako walipanda. Karafuu zikazidi, bei ikaanguka.

Tusipite hapa haraka, maana sifa ya kisiwa ina watu walioibeba. Mashamba haya yalilimwa na watumwa. Maelfu kwa maelfu walitolewa bara, wengi kutoka pande za Ziwa Nyasa, wakavushwa bahari wakapalilie, wachume na waanike. Soko la watumwa la Mji Mkongwe lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, lakini kazi ya utumwa mashambani iliendelea baada ya hapo. Amri ya kuondoa hadhi ya kisheria ya utumwa ilitoka Aprili 1897. Anayeisifu karafuu ya Zanzibar ya karne ya 19 na kunyamaza kuhusu watu hao, amesimulia habari ya mti akasahau mikono.

Siku mikarafuu ya Unguja ilipoanguka

Hadi hapo Unguja ndiyo iliyokuwa kisiwa cha karafuu. Kilichobadilisha mambo ni upepo.

Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja. Hili ni jambo la nadra sana kwetu. Vimbunga vya Bahari ya Hindi husokotwa na mzunguko wa dunia, na nguvu hiyo ya kusokota hufifia kadiri unavyokaribia ikweta. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, Pemba nyuzi 5, kwa hiyo vimbunga vikali huishia kusini zaidi, Msumbiji na Madagascar. Si kwamba pwani yetu haiguswi kabisa. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia. Lakini kwa wazee wa mwaka 1872 jambo lile halikuwa na mfano. Sultani Barghash alikuwa madarakani kwa mwaka wa pili tu. Meli zake zilizokuwa bandarini ziliangamia, na mashambani mikarafuu na minazi ililala chini kwa maelfu.

Mkarafuu si mpunga kwamba ukiharibika utapanda msimu ujao. Mche unahitaji kivuli na maji katika miaka yake ya mwanzo, unaanza kuzaa ukiwa na miaka sita hadi minane, na unafikia nguvu yake kamili muda mrefu baada ya hapo. Mwenye shamba la Unguja aliyeamka Aprili 16 hakupoteza mavuno ya mwaka mmoja. Alipoteza mtaji wa karibu kizazi kizima.

Pemba iliguswa kidogo tu. Mikarafuu yake ikabaki wima wakati ule ule ambapo karafuu zimeadimika na bei inapanda. Wenye mashamba ya Pemba wakavuna fedha, wakaongeza miche, na watu wakahamisha macho kuelekea kaskazini. Unguja ilipanda upya, na mpaka leo ina mikarafuu yake, lakini uongozi haukurudi. Tangu wakati huo Pemba imekuwa ikitoa zaidi ya robo tatu ya karafuu zote za Zanzibar.

Ningeishia kwenye kimbunga peke yake ningekuwa nimedanganya kidogo, kwa sababu dhoruba iliharakisha jambo ambalo ardhi yenyewe ilikuwa imeshaliandaa. Ukisafiri Unguja kutoka mjini kwenda mashariki, ukishavuka ukanda wa udongo mzuri wa magharibi na kati, unaingia kwenye mawe ya matumbawe. Muhogo na pilipili vinajikaza humo, mkarafuu hauwezi: mizizi yake inataka udongo wenye kina, unaopitisha maji bila kutuamisha. Pemba ni vilima na mabonde, karibu yote ya upande wa magharibi na kati, kuanzia Mkoani, kupitia Chake Chake, hadi Wete. Mvua ni nyingi kuliko Unguja. Waarabu wa kale waliita Pemba kisiwa cha kijani, na walikuwa hawajaona mkarafuu hata mmoja hapo. Si Pemba yote ilivyo hivyo. Micheweni, upande wa kaskazini mashariki, ni mawe na ukame, na watu wake wameitegemea bahari zaidi kuliko shamba.

Karafuu inavyopatikana

Karafuu tunayotia kwenye pilau ni ua ambalo halikuruhusiwa kuchanua. Kutokufahamika kwa jambo hili nje ya visiwa kunanishangaza kila ninapolisikia likielezwa kwa mara ya kwanza. Shada la vitumba huanza likiwa la kijani, likageuka manjano, kisha vichwa vikaanza kupata wekundu. Hapo ndipo pa kuchuma. Ukichelewa, kitumba kinafunguka, ua linatoka, na thamani yake imekwisha. Ukiwahi mno, karafuu hukauka ikiwa nyembamba, imenywea, mafuta kidogo. Mashada ya mti mmoja hayawi tayari siku moja, hivyo mchumaji hurudi kwenye mti ule ule zaidi ya mara moja.

Kazi hii haina mashine. Mkarafuu mkubwa huenda juu sana na matawi yake hayaaminiki, hukatika bila kutoa sauti ya onyo. Mchumaji hupanda na kamba ya kuvutia na kufungia matawi, anachuma mashada kwa mkono mmoja huku mwengine umeshika uhai wake. Kila msimu kuna walioanguka. Hili halimo kwenye picha za kadi za posta.

Jioni karafuu hupimwa kwa pishi, na mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma. Kisha kuchambua. Karafuu humwagwa jamvini, watu wa nyumba nzima wakakaa kuzunguka, wakubwa na watoto. Unalishika shada kwa mkono mmoja, unalikandamiza kwenye kiganja cha mkono wa pili huku unalizungusha, vitumba vinaanguka na makonyo yanabaki mkononi. Vidole hubaki na weusi na harufu kwa siku nyingi. Makonyo hayatupwi. Yanakwenda kiwandani Wawi, karibu na Chake Chake, kwenye kiwanda ambacho watu hukiita kwa jina hilo hilo, Kiwanda cha Makonyo, kukamuliwa mafuta kwa mvuke.

Asubuhi zinaanikwa. Jua likiwa zuri, siku tatu hadi nne zinatosha. Kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu. Wakulima huhimizwa waanike kwenye majamvi na si kwenye lami ya barabara, kwa sababu mchanga, moshi na mafuta ya magari huzishusha daraja. Adui mkubwa ni mvua ya ghafla. Karafuu ikilowa ikiwa nusu kavu na kurundikwa, inachacha, inapauka, na harufu yake inageuka. Ndiyo maana katika msimu utaona mtu amekatiza mazungumzo katikati ya neno na kukimbia uani kwa sababu ameona wingu.

Kuna njia mbili za kuipima karafuu ukiwa nyumbani kwako. Ibonyeze kichwa kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta. Au itie ndani ya gilasi ya maji: nzuri huzama au husimama wima, iliyokwishakufa mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Kinachopimwa hapo ni eujenoli, kiini kinachofanya sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Ndicho kinachotuliza jino, na madaktari wa meno wamekitumia kwa zaidi ya karne.

Kwa muda mrefu Pemba nzima imeishi kwa mwendo wa zao hili. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Mwaka mmoja mti unafunika majani kwa vitumba, miaka miwili mitatu inayofuata unatoa kidogo. Mwaka wa neema ndio wa harusi, mabati mapya na madeni kulipwa, na imewahi kutokea shule zikafungwa ili watoto wakasaidie shambani. Mwaka wa uhaba, duka la kijijini ndilo linalohesabu machungu.

Kwa nini jina halikuhama

Basi kama mikarafuu ilihamia Pemba tangu karne ya 19, kwa nini sifa haikuhama nayo? Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Hapa chanda ni kimoja na pete imevaliwa na kingine.

Sababu kubwa ni bandari. Karafuu za Pemba zilipakiwa Wete, Chake Chake na Mkoani, zikaletwa mjini Unguja, zikakaguliwa, zikapangwa madaraja, zikalipiwa ushuru, na kutoka Malindi, bandari ya mjini Unguja, ndipo zikaingia kwenye meli za Bombay, London na Jawa. Gunia lililofika London lilikuwa limeandikwa Zanzibar. Mnunuzi hakuwa na haja ya kujua mti ulisimama kilima gani. Serikali ilikuwa Unguja, benki zilikuwa Unguja, matajiri waliowakopesha wakulima wakiweka rehani mavuno yajayo walikuwa na ofisi zao Unguja.

Siasa nazo zilikaa huko huko. Mwaka 1927 kiliundwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ilikipa mamlaka makubwa juu ya biashara nzima, kwa hoja ya kuwanusuru wakulima na madeni. Wafanyabiashara wa Kihindi waliona wanasukumwa nje. Mwaka 1937 wakagoma, na Chama cha Congress huko India kikawaunga mkono kwa kuwataka Wahindi wasinunue karafuu za Zanzibar. Mwaka 1938 yakafikiwa makubaliano. Mgogoro mzima ulizungumzwa Mji Mkongwe, Bombay na London. Mikarafuu yenyewe ilikuwa Pemba.

Baada ya Mapinduzi ardhi ilitaifishwa, na familia nyingi zikagawiwa eka tatu tatu, pamoja na mikarafuu iliyokuwemo. Shirika la serikali, ZSTC, likawa mnunuzi pekee anayeruhusiwa. Kwa miaka mingi tofauti baina ya bei aliyolipwa mkulima na bei iliyolipwa na dunia ilikuwa kubwa mno, na Pemba ina ghuba na vijito visivyohesabika ambavyo jahazi linaweza kujificha. Karafuu zikavuka usiku kwenda pwani ya Kenya. Magendo yakapigwa vita kwa doria na kwa jela, yakapungua kidogo, yakarudi. Kilichofanya kazi kuliko bunduki ni bei: mwaka 2011 serikali ilipandisha sana bei ya kununulia, na karafuu zikaanza kumiminika kwenye vituo vya ZSTC. Mkulima wa Pemba hakuwahi kuwa na sababu ya kutorosha karafuu mbali na kulipwa kidogo.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kule kule karafuu ilikotoka. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Kudus, Jawa, watu walianza kuchanganya tumbaku na karafuu na kuvuta. Sigara hizo, kretek, zilienea Indonesia nzima, na nchi ile iliyokuwa mama wa mkarafuu ikawa inanunua karafuu kutoka kwetu. Kwa miongo mingi moshi wa Indonesia ndio uliolisha Pemba. Kisha Indonesia ikapanda mikarafuu yake upya, kwa mamilioni, na kufika miaka ya 1980 ilikuwa inajitosheleza. Bei ya dunia ikaporomoka. Watu wa umri wangu walioko Pemba wanaikumbuka vyema miaka hiyo: karafuu zilizoachwa zikadondoka mtini kwa sababu bei yake haikulipa hata mchumaji, na mikarafuu iliyokatwa kuni. Leo Indonesia huvuna zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka na kuzivuta nyingi yenyewe. Madagascar inauza nje kuliko sisi. Zanzibar, ambayo zamani ilitoa sehemu kubwa ya karafuu zote zilizouzwa duniani, huhesabu tani elfu chache.

Si Zanzibar peke yake

Ukitazama visiwa vyengine unakuta mtindo ule ule. Grenada, kisiwa cha Karibiani, ina kungumanga kwenye bendera yake. Mikungumanga hiyo asili yake ni Banda, visiwa vidogo vya Maluku hiyo hiyo, na ilifika Grenada mwaka 1843. Septemba 2004 Kimbunga Ivan kiliangusha sehemu kubwa ya miti hiyo, na wakulima wake wakajua walichokijua wa Unguja mwaka 1872: mti wa miaka mingi haurudishwi kwa msaada wa mwaka mmoja. Bendera haikubadilishwa. Madagascar inasifika kwa vanila, mmea wa Mexico, ambao nje ya kwao haukuzaa kwa faida hadi mwaka 1841 kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, alipogundua namna ya kulichavusha ua lake kwa kijiti na kidole gumba. Mapesa ya vanila yalikwenda kwengine, na Albius alikufa maskini. Sri Lanka ilikuwa nchi ya kahawa mpaka ugonjwa wa kutu ulipoimaliza mikahawa katika nusu ya pili ya karne ya 19, ikageukia chai, na chai hiyo huuzwa bado kwa jina la Ceylon, jina ambalo nchi yenyewe iliacha kulitumia mwaka 1972.

Kwetu kuna mfano mpya zaidi wa jambo hilo. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na pwani za Pemba ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wakulima wake wengi ni wanawake. Kwa muda wa kizazi kimoja umekuwa sehemu ya sura ya Zanzibar, na mtoto wa Jambiani wa leo hawezi kuifikiria pwani ya kwao bila vigingi na kamba zake wakati maji yamekupwa.

Vilivyozaliwa hapa hapa, visivyopatikana popote pengine duniani, watu hawavitaji. Unguja ina kima punju wa msitu wa Jozani. Pemba ina popo wake mkubwa, mwenye manyoya mekundu shingoni, aliyewindwa kwa nyama hadi akakaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980, na ambaye wanavijiji wa mahali kama Kidike walimlinda mpaka makundi yakarudi. Ina mpapindi, mti wa jamii ya minazi unaoota katika msitu wa Ngezi. Ina aina nne za ndege wa kwake peke yake, akiwemo bundi mdogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowahi kupakiwa magunia, na nadhani hilo linatosha kueleza ukimya wake.

Hasara ya jina kuwa kwengine

Mtu anaweza kuuliza, Pemba na Unguja ni ndugu, jina likikaa kwa mmoja kuna ubaya gani? Ubaya wake unahesabika. Mwaka 2023 watalii zaidi ya 600,000 waliingia Zanzibar, wengi wao wakaishia Unguja. Huchukuliwa asubuhi moja kwenda Kizimbani au Kidichi kwenye matembezi ya viungo. Wanaonyeshwa mdalasini wa Sri Lanka, pilipili manga ya Malabar, vanila ya Mexico, na mkarafuu mmoja au miwili, wananusa jani, wananunua pakiti, wanarudi hotelini. Kijana anayewatembeza anafanya kazi halali na anaijua kazi yake. Lakini karafuu iliyomo kwenye ile pakiti, kwa uwezekano mkubwa, ilichumwa na mtu wa Pemba, kwenye kisiwa ambacho mgeni hakutajiwa hata jina lake. Fedha ya harufu inabaki inakouzwa.

Ningependa pakiti ile iandikwe Pemba, kwa herufi zinazosomeka, na kilima chake kama inawezekana: Mtambile, Wete, Chake Chake. Wanunuzi wa kahawa na chai wamezoea siku nyingi kulipa zaidi kwa ajili ya mahali maalumu, na karafuu ya Pemba, iliyochambuliwa kwa mkono na kuanikwa jamvini, haina sababu ya kuchanganywa gunia moja na jina la jumla. Wa Unguja hatapungukiwa na kitu akimwambia mgeni wake: hizi zinatoka kisiwa cha pili, boti ya kwenda huko ipo.

Na haja ipo ya haraka, kwa sababu mikarafuu mingi ya Pemba imezeeka. Serikali imekuwa ikigawa miche bure kila mwaka, na vitalu vipo. Lakini mche unaotoka kitaluni leo utaanza kuzaa baada ya miaka sita hadi minane, na katika muda huo wote anayeumwagilia maji na kuujengea kivuli halipwi na mtu. Vijana wengi wa Pemba wanavuka kwenda Unguja, Dar es Salaam na Mombasa kutafuta riziki ya mwezi huu huu. Atakayebaki na kupanda ni yule anayeamini kwamba zao lake litauzwa kwa jina lake na kwa bei yake.